Ramani tatu, mita zilezile, bei mbalimbali: namna ya kulinganisha gharama za nyumba zenye michoro tofauti

Mtu akishika ramani mbili mkononi, swali la kwanza huwa moja: “Zote zina vyumba vitatu, mbona hii wananiambia ni ghali kuliko ile?” Swali hilo ndilo linalompoteza, maana hakuna duka linalouza vyumba. Fundi hununua tofali, saruji, nondo, mbao, bati na mabomba, kisha anakuuzia siku zake za kazi. Nyumba mbili zenye vyumba sawasawa zinaweza kupishana kwa mamia ya tofali kwa sababu tu moja ina kona nyingi.

Hivi ndivyo ninavyofanya mimi ninapoletewa michoro kadhaa na mwenye nyumba anataka kujua upi utamtoa jasho zaidi. Unahitaji ramani zenye vipimo (picha nzuri ya nje peke yake haitoshi), penseli, daftari na kikokotoo cha simu. Bei utaweka za kwako, za pale unapojenga na za wiki hii. Mimi nitakupa vipimo tu, kwa kuwa bei ya saruji hupanda na kushuka lakini mita haibadiliki.

Hatua ya 1: Jua hiyo bei imebeba nini

Kabla ya kupima chochote, chukua kila bei uliyopewa uandike chini yake vilivyomo na visivyomo. Msingi umo? Shimo la maji taka? Kuvuta maji na umeme kutoka barabarani? Makabati ya jikoni? Rangi ya nje? Ada ya vibali na ya msanifu?

Siku moja nililetewa bei mbili za nyumba zinazokaribiana sana, na moja ilikuwa chini kwa karibu moja ya tano. Mwenyewe alikuwa ameshaamua. Tulipofika ukurasa wa mwisho wa ile ya bei nafuu tukakuta mstari mmoja mdogo: kazi zote za nje ya kuta hazimo. Yaani mifereji, shimo la maji taka, ngazi za mlangoni, hata ile sakafu nyembamba inayozunguka nyumba kuzuia maji ya mvua yasile msingi. Tulipoziongeza, ile nafuu ikaipita mwenzake.

Kama unanunua nyumba iliyokwisha kujengwa, ondoa kwanza thamani ya kiwanja. Nyumba mbili za mchoro mmoja, moja mjini katikati na nyingine pembeni, zitatofautiana bei kwa sababu ya ardhi, na hilo halikwambii lolote kuhusu mchoro. Na ukipelekwa kuona nyumba ya mfano, uliza kila unachokiona kama kimo kwenye bei ya msingi. Taa zile, vigae vile, kioo kile kipana cha sebuleni, mara nyingi ni nyongeza.

Hatua ya 2: Pima eneo kwa rula moja

Huyu anahesabu mita za mraba kutoka nje ya ukuta, yule anahesabu ndani tu, wa tatu ameingiza baraza na banda la gari. Ukilinganisha hivyo umelinganisha maembe na mapapai.

Tazama tofauti ilivyo. Nyumba ya mita 10 kwa 10, ikipimwa nje, ina mita za mraba 100. Kama ukuta wake una unene wa sentimita 20, ndani unabaki na 9.6 kwa 9.6, yaani mita za mraba 92.16. Karibu asilimia 8 imekaliwa na ukuta wa nje pekee, hata kabla ya kuhesabu kuta za kugawa vyumba.

Chagua njia moja na uitumie kwa ramani zote. Mimi hupima nje kwa nje, kisha baraza na banda la gari naviandika mstari wao, kwa sababu baraza lina sakafu na paa lakini halina kuta zote. Ukilichanganya na vyumba, nyumba yenye baraza kubwa itaonekana rahisi kwa kila mita ya mraba kuliko ilivyo kweli.

Hatua ya 3: Izungushe nyumba kwa penseli

Hapa ndipo michoro inapoanza kusema ukweli. Weka ncha ya penseli kwenye kona moja ya ramani, fuata ukuta wa nje mpaka urudi ulipoanzia, ukijumlisha mita. Huo ndio mzingo. Mita moja ya mzingo inabeba mtaro wa msingi, zege la chini, tofali kutoka chini mpaka juu, mkanda wa zege unaozunguka kuta kwa juu kuzifunga pamoja, plasta pande mbili na rangi pande mbili. Kwa hiyo mita moja si kitu kidogo.

Tuchukue michoro mitatu, yote ya mita za mraba 120.

Mchoro A ni mstatili wa mita 12 kwa 10. Mzingo wake ni mita 44.

Mchoro B una umbo la herufi L: ni mstatili wa 15 kwa 10 uliokatwa kona ya mita 6 kwa 5. Mzingo wake ni mita 50.

Mchoro C ni ghorofa moja juu: kila sakafu ni mita 10 kwa 6. Mzingo ni mita 32, lakini unapanda mara mbili.

Kuta zikiwa na kimo cha mita 3 kwa kila sakafu, A ana mita za mraba 132 za ukuta wa nje, B ana 150, C ana 192. Sasa geuza ziwe tofali. Tofali ambalo uso wake, pamoja na udongo wa kuungia, ni sentimita 45 kwa 22.5, huingia karibu 10 kwa kila mita ya mraba. Bila kutoa madirisha na milango, A anakula tofali 1,320 hivi, B 1,500 na C 1,920. Kati ya A na B, ambao ukiwaangalia kwenye karatasi ni nyumba za ukubwa uleule, kuna tofali 180, na plasta ya mita za mraba 36 ukihesabu ndani na nje.

Hesabu na kona pia. A ana nne, B ana sita. Kila kona ni mahali fundi anaposimama, anapima, anashusha timazi, anakata tofali. Ramani niliyoikuta na kona nyingi kuliko zote ilikuwa na 22. Mwenyewe alikuwa anaipenda sana kwa ajili ya vile vidirisha vinavyochomoza, na ni haki yake. Nilichomwomba ni ajue tu kwamba kila kidirisha kinachochomoza kinaongeza kona nne.

Baada ya ukuta wa nje, pima na kuta za ndani kwa njia hiyohiyo, halafu angalia korido. Korido ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 8 ni mita za mraba 9.6, ambayo ni chumba kidogo cha kulala. Ina sakafu, dari, rangi na kuta mbili ndefu, na haikai kitanda. Mchoro unaofikia vyumba kupitia sebule au ukumbi mdogo unaweza kukupa vyumba vilevile ndani ya nyumba ndogo zaidi.

Hatua ya 4: Itazame kutoka juu

Paa ndilo linalofanya watu wasimamishe ujenzi. Boma linasimama, fedha zinakwisha, nyumba inakaa wazi misimu kadhaa. Kwa hiyo usilikadirie kwa macho.

Anza na eneo la chini ya paa, ukiongeza sehemu inayotokeza nje ya ukuta. Kwa mchoro A, bati likitokeza sentimita 60 kila upande, mita 12 kwa 10 inakuwa 13.2 kwa 11.2, sawa na mita za mraba 147.84. Mchoro B unatoka karibu 151, na C karibu 81 tu, kwa kuwa sakafu zake mbili zinajifunika kwa paa moja.

Kisha zidisha kwa mwinamo. Paa la nyuzi 15 huzidishwa kwa 1.035, la nyuzi 30 kwa 1.155, na la nyuzi 45 kwa 1.414. Mchoro A kwa nyuzi 30 unahitaji kama mita za mraba 171 za bati. Ukiusimamisha mpaka nyuzi 45 unafika 209. Hizo 38 za ziada hazikuongezei chumba, labda kama una nia ya kuweka chumba humo darini. Na kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, nazo zinakuwa ndefu zaidi.

Utaona kwamba A na B wanakaribiana sana kwa eneo la paa. Ndiyo maana mtu akipiga hesabu ya mabati peke yake humwona B hana tatizo. Gharama ya B iko pale mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde. Bati hukatwa mshazari, vipande vinavyobaki mara nyingi havina kazi, panahitaji bati la kukingia maji chini yake, na hapo ndipo paa huanza kuvuja kama fundi hakuwa makini. Kwa hiyo kwenye daftari lako weka mistari miwili: eneo la bati, na urefu wa mabonde na migongo (pale pande mbili za paa zinapokutana kwa juu). Paa la pande nne na la pande mbili, yakiwa na mwinamo mmoja juu ya mstatili mmoja, yana eneo sawa. La pande nne linazidi kwa migongo ya kona, kofia zake na ukataji. La pande mbili nalo linadai zile pembetatu za ukuta mwishoni, ambazo wengi husahau kuzihesabia tofali.

Na paa la kufichwa, lile ambalo nje unaona ukuta tu? Watu hubishana sana kuhusu hili, kila mmoja na fundi wake. Lipigie hesabu. Mchoro A ukifichwa paa, bati halitokezi na mwinamo ni mdogo, kwa hiyo unatumia takriban mita za mraba 120 badala ya 171. Umeokoa 51 za bati, pamoja na mbao nyingi. Lakini umeongeza ukuta wa kuficha: mzingo wa mita 44 kwa kimo cha mita 1 ni mita za mraba 44, tofali kama 440, na plasta ya pande mbili mita za mraba 88. Ongeza mfereji wa ndani, mabomba ya kushusha maji na dawa ya kuzuia maji. Kwa bei za mahali fulani linatoka rahisi, kwa pengine linatoka ghali, ndiyo sababu wabishi wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Kisichobishaniwa ni kwamba mfereji ule lazima usafishwe kila mwaka. Ukiziba, maji yanaingia ndani, hayamwagiki nje.

Hatua ya 5: Ghorofa ipigiwe hesabu yake

C ameokoa karibu nusu ya paa na nusu ya eneo la msingi. Kwenye kiwanja kidogo au cha bei kubwa, hiyo inaweza kumaliza mjadala. Ila vipo anavyodai ambavyo A na B hawavijui.

Kwanza slabu, yaani sakafu ya zege ya juu. Mita za mraba 60 kwa unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 9 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), mita moja ya ujazo hula mifuko kama sita na nusu ya kilo 50, kwa hiyo ni karibu mifuko 60 ya saruji kwa slabu peke yake, kabla ya nondo na kabla ya mbao na nguzo za kuishikilia mpaka ikauke. Zipo na nguzo za zege, na msingi wenyewe, ingawa ni mfupi, unabeba mzigo mkubwa zaidi na hujengwa kwa nguvu zaidi.

Pili ngazi. Kupanda mita 3 kwa vipandio vya sentimita 17 na nusu hivi unahitaji vipandio 17. Cha mwisho kinakufikisha kwenye sakafu ya juu, kwa hiyo vya kukanyagia ni 16, na kina cha sentimita 28 kila kimoja kinakupa urefu wa karibu mita 4.5. Kwa upana wa mita 1, ngazi inakula mita za mraba 4.5 chini na uwazi wa kiasi hichohicho juu. Kati ya zile 120 za C, tisa zimeondoka. Ukitaka kumlinganisha na A kwa haki, gawanya gharama yake kwa 111.

Tatu ni jukwaa la kupandia, kupandisha tofali juu, na choo cha pili, maana hakuna anayetaka kushuka ngazi usiku. Na mchoro wa nondo wa mhandisi usiukwepe hata kidogo.

Hatua ya 6: Fuata maji

Chora duara kwenye kila mahali penye maji: jiko, bafu, choo, sehemu ya kufulia. Mita moja ya mraba ya bafu ina vigae mpaka ukutani, mabomba mawili, sinki, koki na kizuia maji, ilhali ya chumba cha kulala ina sakafu na rangi. Kisha angalia maduara hayo yamekaaje. Yakiwa yamegusana mgongo kwa mgongo, bomba moja la maji taka linahudumia yote. Yakiwa yametawanyika kila pembe ya nyumba, unanunua bomba, mashimo ya ukaguzi na kuchimba mitaro. Vyumba vitatu vyenye bafu kila kimoja si nyumba ileile na vyumba vitatu vyenye bafu moja, hata kama tangazo linasema “vyumba vitatu”.

Hatua ya 7: Iweke ramani juu ya kiwanja

Mchoro wa bei nafuu kwenye ardhi tambarare unaweza kugeuka kwenye mteremko. Chukua nyumba ndefu ya mita 20 kwa 6, kwenye ardhi inayoshuka mita 1 kila mita 10. Ukiilaza ule urefu ufuate mteremko, upande wa chini unakuwa mita 2 chini ya ule wa juu, na kujaza mpaka usawa wa sakafu kunataka kama mita za ujazo 120 za kifusi. Ukiigeuza ikatiza mteremko, tofauti ni sentimita 60 na kifusi ni mita za ujazo 36. Nyumba ni ileile, umeigeuza tu. Kama kiwanja hakikuruhusu kuigeuza, gharama hiyo ni ya mchoro huo na iandikwe kwake.

Hatua ya 8: Sasa weka bei

Mpaka hapa hujaandika fedha hata senti, na ni makusudi. Tengeneza jedwali, michoro juu na vipengele pembeni: msingi, ukuta wa nje, ukuta wa ndani, bati, mabonde na migongo, slabu, ngazi, madirisha, sehemu za maji, kifusi. Jaza vipimo. Halafu futa kila kinachofanana. Kama michoro yote ina vigae mita za mraba 120 na milango minane, havitakusaidia kuchagua. Vinavyobaki ndivyo vya kutafutia bei, na kwa kawaida havizidi mistari saba au minane. Kazi ya siku nne inakuwa ya jioni moja.

Bei za vitu hivyo uzipate kwa kipimo kilichokamilika: ukuta kwa mita ya mraba ukiwa umejengwa, siyo tofali moja likiwa dukani. Na zote ziwe za mwezi mmoja. Nondo ya bei ya mwaka jana na saruji ya leo hazikai jedwali moja. Ukiomba bei kwa makandarasi, wape wote orodha moja ya vipimo, wajaze bei tu. Kila mmoja akijiandikia orodha yake, utarudi kulekule kwenye hatua ya kwanza. Mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kupima na kukadiria gharama za ujenzi, ataifanya orodha hiyo vizuri zaidi yako, na kwa nyumba ya ghorofa ningekushauri umlipe bila kusita.

Gharama kwa kila mita ya mraba iwe hesabu ya mwisho, na uisome kwa tahadhari. Tuseme tunahesabu fedha kwa vipande vya thamani sawa: jiko na bafu vinagharimu vipande 20, na sehemu nyingine yote kipande 1 kwa mita ya mraba. Nyumba ya mita za mraba 60 itatoka vipande 80, sawa na 1.33 kwa mita. Ya 120, yenye jiko na bafu hilohilo, itatoka 140, sawa na 1.17. Kubwa inaonekana rahisi, na muuzaji atakuonyesha hiyo 1.17 kwa furaha, lakini bado unatoa vipande 60 zaidi mfukoni.

Ongeza fedha za dharura. Wengi huweka asilimia 10 kwa kila mchoro. Mimi mchoro wenye mabonde mengi, ghorofa au mteremko nauongezea zaidi, kwa kuwa ndiko makosa na ucheleweshaji hujificha.

Hatua ya 9: Rudi kwa msanifu kabla hujachagua

Ukishaona ni mistari gani inayopandisha gharama ya mchoro unaoupenda, usiutupe bado. Mpelekee msanifu jedwali na umwulize kuhusu mistari miwili mikubwa tu. Ile L inaweza kunyooshwa bila kupoteza chumba? Bafu la nyuma linaweza kusogea likagusana na jiko? Kwenye karatasi, kunyoosha ukuta ni kazi ya kifutio. Mchoro ukirudi, chukua tena penseli, uzungushe upya, ubadilishe ile mistari miwili kwenye jedwali na uone imeshuka kwa kiasi gani.